Magitaa mawili ya aina moja, sauti mbili: namna ya kutafuta chanzo

Mtwara na Lindi si rahisi kuingia dukani, kushusha magitaa matano ukutani na kuyapiga mpaka roho iridhike. Mara nyingi mambo huenda hivi: gitaa lako limetoka Kariakoo kwa basi, mwenzako analo la aina ileile la kwaya au la bendi ya harusi, mnakutana mazoezini Chikongola au Mikindani. Linachomekwa la kwanza, linachomekwa la pili, na mtu anatamka: "Kaka, hilo lako limeziba. Hili lina mdomo." Kuanzia hapo gitaa moja lina jina baya. Litauzwa kwa hasara, au litafunguliwa na kubadilishwa vitu visivyo na kosa lolote.

Mwongozo huu unaanza na kile unachokisikia, kisha unafuata vyanzo vyake, ukitanguliza vile vinavyotokea mara nyingi na visivyogharimu kitu. Nazungumzia magitaa ya umeme ya ramani (yaani muundo) ya Telecaster (1951), Les Paul (1952) na Stratocaster (1954), yawe ya Fender na Gibson wenyewe, ya Squier na Epiphone, au ya majina mengine yanayoiga maumbo hayohayo. Msimamo wangu nautoa mapema: magitaa mawili ya ramani moja yakitofautiana sana, chanzo karibu kila mara ni kitu kinachobadilishika kwa bisibisi, kwa nyuzi mpya au kwa kebo nyingine. Mbao ni za mwisho kushukiwa.

Kabla ya dalili yoyote

Kebo iwe moja, amplifaya moja, tundu moja, na nobu za amplifaya zisiguswe katikati ya jaribio. Ondoa pedali zote. Tumia sauti safi isiyokwaruza, maana mkwaruzo unayabana magitaa yote yafanane. Nobu za magitaa yote mawili zifunguliwe mpaka mwisho, swichi ziwe upande mmoja. Tyuni yote mawili kwa tyuna ileile, A iwe 440. Mpigaji awe mmoja, kipigio kimoja, kipande kimoja kifupi: sebene ya sekunde kumi na tano, kisha kodi mbili za ridhimu. Anayependa dansi ya kina Mbaraka Mwinshehe na Marijani Rajab, ambamo solo na ridhimu vinasemezana, ajaribu kwa mtindo huo, juu na chini ya shingo. Kujaribu gitaa kwa muziki usioupiga ni kujinunulia jibu la swali la mtu mwingine.

Mahali pa kusikilizia pana uzito kuliko watu wanavyodhani. Spika ya gitaa hutupa trebo, yaani sauti za juu, mbele moja kwa moja, kama boriti nyembamba. Amplifaya ikiwa sakafuni, aliyesimama juu yake anasikia sauti nzito iliyofifia, na aliyekaa kwenye kiti mbele anachomwa masikio. Watu wawili wakibishana kuhusu gitaa moja, angalia kwanza wamekaa wapi. Weka kiti kimoja, mita mbili au tatu kutoka kwenye spika, na kila msikilizaji akae hapohapo. Kwenye chumba cha bati na sakafu ya saruji tupu, tandika mkeka na tundika kitenge ukutani. Mwangwi ukipungua, tofauti ndogo zinaanza kusikika.

Kisha ukubwa wa sauti. Sikio la binadamu huona kinachosikika kwa nguvu kidogo zaidi kuwa ndicho kizuri zaidi. Watafiti Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio linapoteza besi nyingi na sehemu ya trebo. Kwa hiyo gitaa lililozidi kidogo kwa ukubwa litaonekana kuwa na besi zaidi na mng'aro zaidi hata kama mengine yote ni sawa. Pakua kwenye simu programu ya kupima desibeli, iweke simu juu ya kile kiti, piga nyuzi zote sita zikiwa wazi kwa nguvu ileile, soma kipimo, badilisha gitaa, rudia. Tofauti ikizidi desibeli moja, sawazisha kwa nobu ya amplifaya. Hapo ndipo pekee unaporuhusiwa kuigusa. Usisawazishe kwa nobu ya gitaa: ukiipunguza, magitaa mengi hupoteza na trebo pia, na utakuwa umeongeza tofauti nyingine juu ya ile unayoitafuta.

Dalili: moja lina nguvu, lingine ni legelege

Kama desibeli zimetofautiana sana, angalia urefu wa pikapu, kile kifaa cha sumaku na koili ya waya kilicho chini ya nyuzi, kabla ya kufikiria kitu kingine. Pikapu iliyo karibu na nyuzi hutoa umeme mwingi zaidi. Magitaa yaliyosafiri kutoka kiwandani hadi Dar na kisha Mtwara hufika na skrubu zimelegea, na wenye magitaa wengi hawajui kama zile skrubu pembeni mwa pikapu zinazungushika.

Bonyeza uzi mnene kabisa kwenye freti ya mwisho (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo), halafu pima kwa rula nafasi kati ya uzi na nguzo ya sumaku ya pikapu; kisha fanya vivyo hivyo kwa uzi mwembamba kabisa. Kwa pikapu za koili moja za kawaida, Fender hupendekeza takriban milimita 2 upande wa besi na 1.6 upande wa trebo. Weka magitaa yote mawili kwenye kipimo kimoja, tyuni tena, sikiliza tena. Mara nyingi mjadala wote unaishia hapa.

Usichukue hili kama ruhusa ya kupandisha pikapu mpaka juu. Kwenye koili moja zenye nguzo za sumaku, sumaku ikikaribia mno inauvuta uzi. Dalili yake ni ya pekee: ukipiga uzi mnene juu kwenye freti ya 12 na kuendelea, noti inayumba, unasikia kana kwamba kuna noti mbili zinazogombana, na gitaa halikubali kutyunika hata ukihangaika na daraja siku nzima. Anayelisikia atasema gitaa ni bovu. Shusha pikapu robo mzunguko, kisha robo nyingine, mpaka noti itulie.

Kama urefu ni sawa na bado moja lina nguvu, pikapu zenyewe huenda zimesokotwa tofauti. Kuna njia ya kuangalia bila kufungua gitaa. Chomeka kebo, fungua nobu zote, weka swichi kwenye pikapu moja, kisha shika ncha mbili za upande wa pili wa kebo kwa multimita kwenye kipimo cha omu. Pikapu ya koili moja ya mtindo wa Stratocaster husoma mara nyingi kati ya kilo-omu 5 na 7. Ya koili mbili ya mtindo wa zamani wa Gibson, 7 hadi 9. Ukisoma sifuri, kuna waya zimegusana. Ukisoma 250 au 500, pikapu imekatika na unachokipima ni potenshiomita peke yake, yaani kile kipuri kinachozungushwa na nobu ya gitaa. Usishituke kwa tofauti ndogo, kwani waya wa shaba huongeza ukinzani kadiri joto linavyopanda, karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzijoto. Pikapu ya kilo-omu 6 kwenye nyuzijoto 20 itasoma 6.2 mchana wa Mtwara wenye nyuzijoto 30. Tena namba hiyo haikuambii sauti ilivyo. Inakuambia tu kama pikapu iko hai na kama mbili zinafanana.

Dalili: moja linang'aa, lingine limeziba

Hii ndiyo dalili inayosumbua kuliko zote, na ina vyanzo vingi.

Anza na nyuzi. Kwenye pwani yetu hewa ina chumvi na unyevu, na jasho la vidole linamalizia kazi. Nyuzi nyembamba zinashika kutu. Zile nene zilizozungushiwa waya zinajaa uchafu katikati ya mizunguko, na uchafu huo unaua sauti za juu. Uzi uliokufa hivi bado unapiga kwa nguvu na bado unatyunika kwa kiasi, kwa hiyo mwenyewe haoni tatizo. Anasikia tu kwamba gitaa "limelala". Gitaa lililotundikwa Shangani karibu na dirisha linalotazama bahari halifai kulinganishwa na lililotoka Newala juu ya Uwanda wa Makonde wiki hiyohiyo, mpaka yote mawili yafungwe nyuzi mpya za kampuni moja na unene mmoja. Unene nao usiuchukulie kwa wepesi: seti ya 9 (inchi 0.009 hadi 0.042) na seti ya 10 (0.010 hadi 0.046) hazisikiki sawa, na hazisikiki sawa vidoleni pia. Najua seti mbili mpya ni gharama, na seti nzuri huenda ukalazimika kuagiza Dar. Lakini ni bei ndogo ukilinganisha na kuuza gitaa zima kwa sababu ya kutu. Baada ya kupiga, futa kila uzi kwa kitambaa kikavu, juu na chini, na weka ndani ya begi vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

Nyuzi zikiwa mpya na bado kuna kuziba, geukia kebo, hasa kama kila mtu alikuja na yake. Kebo ya gitaa ina tabia ya kapasita: kila mita huongeza takriban pikofaradi 100, na zile za bei ya chini zaidi ya hapo. Koili ya pikapu pamoja na kebo hutengeneza kilele cha sauti ambacho kwa kawaida kiko mahali fulani kati ya hezi 2,000 na 5,000, palepale panapoleta ule mng'aro wa solo. Kebo ndefu inakishusha kilele hicho. Ya mita 3 na ya mita 10 zitakupa magitaa mawili kutoka kwenye gitaa moja. Badilishaneni kebo: kuziba kukihama na kebo, mwisho wa kesi.

Baada ya hapo fungua kifuniko uangalie potenshiomita. Magitaa ya koili moja kwa desturi yana za kilo-omu 250, ya koili mbili 500. Ndogo inapunguza trebo, kubwa inaiacha. Gitaa lililopita kwa fundi redio linaweza kuwa limefungwa ya 100, au ya 50, kwa sababu ndiyo iliyokuwapo kwenye kopo la vipuri siku hiyo. Fundi hana kosa. Redio ilipona kwa njia hiyohiyo. Gitaa ndilo lina hitaji tofauti, na huenda hakuna aliyemwambia. Ukimpelekea, mwambie wazi: "Fundi, nataka ya kilo-omu 250, na kama hunayo nitasubiri." Namba imegongwa mgongoni mwa potenshiomita. Hata zilizoandikwa namba moja zinaweza kupishana, maana uvumilivu wa kawaida wa kiwandani ni asilimia 20: ya 250 inaweza kuwa 200 kweli au 300 kweli. Kwa magitaa mawili mapya ya modeli moja yaliyofungwa nyuzi sawa, hii inaweza kuwa sababu halisi ya moja kung'aa zaidi, na kipuri chake ni cha bei ndogo.

Kapasita ya toni, ile ya mikrofaradi 0.022 au 0.047, inafanya kazi yake hasa unapoizungusha nobu ya toni kwenda chini. Nobu ikiwa wazi, aina yake na rangi yake hazina la kusema. Sioni sababu ya kutumia fedha hapo.

Kuna na suala la urefu wa uzi kwa wale wanaolinganisha magitaa yanayofanana kwa macho tu. Ramani ya Fender ina milimita 648 kutoka mwanzo wa shingo hadi daraja; ya Gibson ni karibu 628. Nyuzi zilezile kwenye 628 zinalegea kwa takriban asilimia 6 na zinasikika laini zaidi. Hilo si tatizo la kutatua. Hayo ni magitaa mawili tofauti.

Dalili: nyembamba, kama sauti ya redio ya simu

Kila pikapu ikipigwa peke yake iko sawa, lakini ukiweka swichi zifanye kazi mbili pamoja, sauti inakonda, besi inatoweka na ukubwa unashuka. Hapo waya za pikapu moja zimegeuzwa, na pikapu zinapingana: moja inasukuma wakati nyingine inavuta. Hutokea sana kwa magitaa yaliyobadilishwa pikapu moja. Tiba ni kubadilisha waya mbili za pikapu moja tu, lakini angalia kwanza kama kifuniko chake cha chuma hakijaunganishwa na waya wa ethi; kama kimeunganishwa, kitenganishwe, la sivyo utaleta mvumo.

Usilichanganye hili na ile sauti ya katikati ya Stratocaster, swichi ikiwa nafasi ya pili au ya nne. Ile ni ya kawaida kabisa, na wapigaji walikuwa wakiisaka kwa kuibana swichi ya nafasi tatu katikati, mpaka Fender walipoanza kuweka swichi ya nafasi tano kiwandani mwaka 1977.

Dalili: moja linavuma

Koili moja huokota mvumo wa umeme wa nyumbani, ambao hapa kwetu ni hezi 50, pamoja na 100 na kuendelea. Koili mbili huufuta. Kwa hiyo gitaa la koili moja kuvuma si ugonjwa. Geuka pembeni, sogea mbali na taa za mirija na chaja za simu, na mvumo utabadilika. Ukigusa nyuzi mvumo ukapungua, waya wa ethi wa nyuzi uko mzima. Usipopungua hata kidogo, huenda waya unaokwenda kwenye daraja umekatika. Ni kazi ya dakika chache kwa mwenye chuma cha kulehemu.

Ukigusa nyuzi na maikrofoni kwa pamoja ukapigwa shoti, acha kupiga papo hapo. Hilo ni tatizo la ethi kwenye ekstensheni, amplifaya au jenereta, na limeua wapigaji sehemu nyingi duniani. Kamwe usikubali mtu akate ile pini ya tatu ya plagi ili mvumo upungue. Harusi za nje zinazotumia jenereta ndizo za kukagua kwanza, kabla hata ya kutyuni.

Dalili: noti hazidumu, au freti zinalia

Hapa ni marekebisho ya shingo na daraja, na tofauti kati ya magitaa mawili inaweza kuwa ya unyevu tu: shingo hupinda kidogo masika na kunyooka kiangazi. Linganisha kwanza urefu wa nyuzi juu ya freti ya 12 kwenye magitaa yote mawili, na linganisha noti ya freti ya 12 na sauti ya uzi uleule ukiguswa tu hapohapo bila kubonyezwa. Zisipolingana, sogeza kiti cha uzi huo, kile kipande kidogo kinachoubeba, kwenye daraja.

Dalili: leo tofauti ipo, kesho haipo

Basi shuku sikio. Kumbukumbu ya rangi ya sauti inafifia haraka sana. Dakika mbili za kubadilisha gitaa, kutyuni na kupiga soga zinatosha kuifuta. Kurekodi kwa simu hakusaidii kama watu wanavyotumaini, kwa sababu simu nyingi hupandisha na kushusha sauti zenyewe, na kile ulichokuwa unakitafuta kinasawazishwa kabla hujakisikia. Kama lazima urekodi, tumia programu inayokuruhusu kuzima marekebisho hayo.

Njia ya kweli ni kusikiliza bila kuona. Tundika kanga mbili mlangoni, mpigaji akae nyuma yake na magitaa yote mawili. Arushe sarafu kila raundi kuamua atapiga lipi, na aandike kwenye karatasi. Wewe kwenye kiti chako unaandika unavyodhani. Fanyeni raundi kumi, zikiwa fupi, na kupumzika katikati. Ukipata tano au sita, hujasikia kitu. Hiyo ni bahati ya sarafu. Ukipata tisa au kumi, tofauti ipo, maana kwa kubahatisha mtu hufika hapo karibu mara moja katika kila majaribio mia. Mpigaji mwenyewe hawezi kuwa shahidi, kwani mikono yake inajua uzito na unene wa shingo kabla masikio hayajasema lolote.

Nawasihi sana mfanye jaribio hili kabla ya fedha kubadilisha mikono. Wakati wa msimu wa korosho, Oktoba hadi Desemba, watu wanakuwa na fedha na magitaa yanauzwa upesi upesi, na ndipo maamuzi ya "lina mdomo" yanapoumiza.

Dalili: kila kitu ni sawa, na tisa kati ya kumi bado unapata

Sasa ndipo mbao zinaporuhusiwa kuingia. Kusini tunaziheshimu mbao kuliko watu wengi. Mpingo wetu, ule wanaouchonga Wamakonde na unaovunwa Kilwa, ndio unaotengenezewa klarineti na obo duniani. Kwa hiyo ni rahisi kwetu kuamini kwamba gitaa zito lenye mbao ngumu lazima liimbe vizuri. Lakini pikapu haisikii mbao. Inahisi chuma cha uzi kinavyotikisika ndani ya sumaku. Mbao zinaweza kugusa sauti kwa kupitia uzi peke yake: jinsi shingo na daraja vinavyoushika na kuunyonya mtikisiko wake. Athari hiyo ni ndogo, na kati ya sehemu mbili naishuku shingo zaidi kuliko mwili.

Magitaa ya ramani ya Fender yanakupa njia ya kupima hilo, kwa kuwa shingo imefungwa kwa skrubu nne nyuma. Legeza nyuzi zote kabisa kabla ya kugusa skrubu, badilishaneni shingo kama mifereji yake inalingana, rudisha nyuzi zilezile, pandisha pikapu kwenye kipimo kilekile, na rudieni raundi kumi za nyuma ya kanga. Sauti ikihama na shingo, umepata chanzo. Ikibaki na mwili, rudi kwenye pikapu na potenshiomita uzipime tena, moja moja, kwa multimita, zikiwa zimefunguliwa kutoka kwenye waya zake. Unaporudisha skrubu za shingo, kaza kwa zamu kwa kukingamisha, kidogo kidogo, na usitumie drili.